Mkataba wa Kuamia Ndege

Jumatatu, 12 Mei. Namawala.
Mpunga uko kwenye maziwa, punje bado laini, na kweleakwelea wameshaonekana. Jirani yangu Silvano kaja na wazo: tuamie pamoja. Ndege wakivamia shamba lake, nishuke dunguni kwangu nikamsaidie kuwafukuza. Wakivamia langu, naye vivyo hivyo. Wazo zuri. Ila shamba lake liko karibu na mto, na ndege huanzia kwake. Nitakayekimbia kila siku ni mimi!

Jumanne, 13 Mei.
Nimepata dawa yake. Nakubali, ila hakuna kusaidiana kabla ya kushauriana. Tena nyumbani kwa anayeombwa msaada, tumeketi, kwa heshima zote: salamu, maji ya kunywa, habari za familia. Silvano kauliza kama ndege watasubiri. Nikamwambia haraka haraka haina baraka. Akacheka, akanipa mkono. Mke wangu Eufrasia kasema mpunga ule ndio chakula chetu cha mwaka mzima, nisiufanyie ujanja. Eufrasia haelewi mikataba.

Alhamisi, 15 Mei.
Asubuhi ndege wametua kwa Silvano. Kaja anahema. Nikamtolea kiti. Nikauliza habari za mkewe Mariana, za mama yake kule Malinyi, za mbuzi. Alipomaliza maji, nikashauri apige debe kuwatisha ndege. Kapoteza majaruba mawili ya mpunga. Nimesikitika kiasi. Mchana nimelala vizuri.

Jumamosi, 17 Mei.
Balaa! Leo wamempita Silvano, wametua kwangu. Wingu zima! Nikakimbilia kwake, kandambili moja imebaki topeni. Kanikaribisha ndani. Kiti. Maji. Akabandika chai, eti mgeni haondoki mkavu. Akauliza habari za watoto wangu, mmoja mmoja, nao ni saba! Nilitaka kulia. Nikamsihi twende. Akanijibu kwa upole kwamba hatujafika kwa mbuzi.

Niliporudi nikamkuta Eufrasia shambani anapiga debe, sauti imemkauka. Mariana yuko naye, anarusha udongo. Hao hawakushauriana na mtu. Wameokoa nusu ya shamba. Niliona aibu, kwa muda.

Jumapili, 18 Mei.
Baada ya misa nimetafakari kosa lilikuwa wapi. Nimeliona: mkataba haukuwagusa wanawake! Nimemweleza Eufrasia kwamba kuanzia leo, kabla yeye na Mariana hawajasaidiana, sharti waje kwangu, waketi, tushauriane. Akanisukumia debe mkononi, akasema ndege wametua.

Nikamwomba aketi kwanza.