Ndoa ya Ngosha Mikononi Mwangu

Jumatatu, 13 Novemba 1961
Nimeanza kozi ya juu ya washauri wa ndoa na familia, hapa misheni Mwanza. Si ya kila mtu. Bila cheti cha uinjilisti hupokelewi. Uhuru ni mwezi ujao, na kanisa linataka washauri wake wenyewe. Nimemwambia mke wangu Aloo kwamba nchi mpya imepata mtu. Akauliza kama nimenunua mafuta ya taa. Sikununua.

Alhamisi, 16 Novemba
Mwalimu wetu, Mchungaji Chenge, ametoa mtihani. Kila mmoja atafute mume na mke waliogombana, awapatanishe, kisha waje wenyewe kushuhudia. Amesisitiza kwamba mshauri husikiliza tu. Mhoja, anayekaa mbele na kuitikia kila neno, amechukua watu waliotengana tangu mavuno. Maskini. Mimi nimechagua jirani zangu, Ngosha na Akelo. Hawagombani kamwe. Nitawafundisha kugombana kidogo, halafu nitawapatanisha.

Jumamosi, 18 Novemba
Mazoezi nyumbani kwangu, Igogo. Ngosha, fundi viatu mpole, alishindwa kukasirika. Nikamweleza jinsi mkewe anavyomcheka akiimba kanisani. Hakuwa na habari. Akelo naye alikuwa kimya, nikamdokezea kwamba kanga aliyoahidiwa Pasaka ilikwenda kwa wifi yake. Wakagombana vizuri sana. Nikajivunia. Walipotoka walikuwa bado wanaendelea.

Jumatatu, 20 Novemba
Akelo amepanda kivuko Kigongo, amekwenda kwa kaka yake Sengerema. Na nguo zake zote. Ngosha alikuja akaketi, hakugusa chakula.
“Ojuok,” akasema, “nirudishie mke wangu.”
Usingizi ulinipaa. Kidogo.

Jumatano, 22 Novemba
Tumevuka, mimi na Ngosha. Nilimpa kaka mtu shikamoo, hakuitikia. Nikaanza hotuba yangu. Akelo akanikatiza, akamwuliza mumewe nani alimwambia habari za kuimba. Ngosha akanitazama. Naye akauliza habari za kanga zilitoka wapi. Sasa wakanitazama wote wawili. Wamerudi wameshikana mikono. Mimi nimeambiwa nisubiri kivuko kinachofuata. Lakini wamepatana! Ujuzi huo.

Ijumaa, 24 Novemba
Wameshuhudia. Kwamba kweli wamepatana, na kwamba nisikanyage tena kwao. Mchungaji alijifunika uso kwa leso muda mrefu. Mhoja amefaulu. Mimi nitarudia kozi yote mwakani. Aloo amempelekea Akelo samaki na kumwomba radhi kwa niaba yangu. Sijui kwa kosa gani.

Jumapili, 26 Novemba
Nimetafakari. Pwani yote hii ya ziwa, ni mimi peke yangu nitakayekuwa nimesoma kozi ya juu mara mbili. Mhoja atabaki na moja yake. Leo kanisani imetangazwa ndoa yake na binti mmoja wa Musoma. Walitabasamu ibada nzima. Hawajui bado wana matatizo gani. Kesho asubuhi nitampitia yule binti nimweleze.