Aspirini Yangu Inanukia Udi

Jumatatu, 3 Februari
Leo maabara tumetengeneza aspirini. Nishma, wa meza ya jirani, kapata fuwele nyeupe, kavu, za kupigiwa picha. Mimi nimepata uji. Ghislain, Mkongo anayetusimamia, kasema zipimwe Alhamisi. Nikifeli maabara narudia mwaka wote. Na mama keshawatangazia kina mama wa Ilford kwamba Matar wake anakuwa mfamasia. Nasoma kemia! Nimechoka kumsahihisha. Jana mmoja wao, Bi Afra, kanivulia soksi nimtazame kidole.

Jumanne, 4 Februari
Nimepata akili. Uji wangu nimeutorosha maabara ndani ya tishu, jambo lililokatazwa kabisa. Njiani nikanunua vidonge vya aspirini. Nikavitwanga kwenye kinu cha mama cha hiliki, nikachanganya. Aspirini ni aspirini, nani atajua? Nimeianika dirishani kwenye sahani. Kwa baridi hii ya London, sijui itakauka lini.

Jumatano, 5 Februari
Nimekwisha. Mama kaiona sahani, kaona dawa ya mwanawe ina unyevu, kaihurumia. Kaiweka karibu na chetezo, kafukiza udi. Imekauka vizuri sana, lakini inanukia bibi harusi. Mama alikuwa amesimama pale akingoja ahsante, nikampa.

Alhamisi, 6 Februari
Nimepima. Asilimia mia moja na arobaini! Yaani nimepata zaidi ya kinachowezekana kupatikana. Nishma kauliza, kwa upole wake ule unaoniudhi, hicho kilichozidi kimetoka wapi. Nikamwambia ni kipaji.

Ghislain kanusa. Katia tone la iodini, ikawa bluu iliyokaribia weusi. Kanivuta pembeni, kaniuliza kwa Kiswahili chake cha Lubumbashi wanga umeingiaje humu. Kumbe vidonge vya dukani hutiwa wanga ili vishikane. Na udi je? Nikasema ni mama. Hilo ndilo jambo la kweli pekee nililosema leo, na ndilo alilolikataa. Sifuri. Limebaki jaribio moja, Jumatatu, la kuniokoa au kunimaliza. Nimelia kwenye treni mpaka Ilford, na hakuna aliyenitazama.

Ijumaa, 7 Februari
Mama kauliza matokeo. Nimesema yamewashangaza walimu. Kampigia simu Bi Afra hapo hapo. Nimejifungia chooni mpaka walipoagana.

Jumamosi, 8 Februari
Ghislain kanipigia. Jumatatu tunatengeneza kimiminika chenye harufu ya ndizi mbivu. Kaniomba nifanye kwa mikono yangu tu, hata nikipata kidogo. Yeye atasimama nami tangu mwanzo mpaka mwisho. Hajawahi mtu kunijali hivi chuoni. Nimeguswa, nimemwapia. Nimetoka kutembea, nikiwa mtu mpya.

Sokoni Walthamstow nimekuta chupa ya arki ya ndizi, ya kutilia keki. Imo mfukoni mwa koti la maabara. Safari hii nimekuwa makini, nimesoma kibandiko mara mbili: haina wanga.