Kibuyu cha Mkwe na Mti wa Nguzo za Stima

Jumatatu, 3 Machi
Kitale. Nimeahidi tena! Chelimo amesema wazazi wake watanipokea Jumapili nyumbani kwao, karibu na soko la Kwanza, waamue kama Mbukusu wa Kabuchai anafaa kuoa kwao. Nikajibu nitaleta mursik, yale maziwa lala ya kibuyu ya kabila lao, nimetengeneza mwenyewe. Alicheka mpaka akakaa chini. Ati hiyo ni kazi ya akina mama, na kibuyu husuguliwa ndani kwa mkaa wa senetwet, si mti mwingine. Nikamwambia asinifundishe miti. Mimi ni fundi wa vitanda bana. Nimefika Mombasa mara mbili.

Jumanne, 4 Machi
Senetwet ninayoijua iko nyuma ya boma la Kipkorir, na Kipkorir pia anamtaka Chelimo. Niende kumwomba kijiti? Heri nife. Hapa karakana nina vipande vya mkaratusi, mti wa nguzo za stima. Mti unabeba stima mpaka Webuye, utashindwa na maziwa? Nikachoma, nikasugua kibuyu, nikamimina maziwa niliyochemsha yakapoa, nikafunika. Harufu safi kama ya hospitali!

Ijumaa, 7 Machi
Jirani yangu Nelima ana mafua. Roho yangu si ndogo, nikampa kikombe. Pua ikafunguka papo hapo! Nikauliza kuhusu ladha. Ati kwa mafua yale hasikii ladha yoyote. Basi hakuna malalamiko.

Jumapili, 9 Machi
Nimetoka kwa wakwe. Nilimmiminia mama Chelimo mbele ya wote, kwa heshima. Akanywa. Machozi yakamtoka, nikadhani ni furaha. Mzee akaonja, akauliza kama ni ya kunywa ama ya kuogeshea ng'ombe wenye kupe. Mama akataka kujua ni mti gani. Nikaapa ni senetwet.

"Wewe kijana," akasema, "mimi nilianza mursik kabla uzaliwe. Hii ni dawa ya kifua."

Nyumba nzima ikacheka. Chelimo hakucheka. Alitazama chini. Hapo ndipo niliumia.

Sijakataliwa. Wamesema nirudi baada ya Pasaka na kibuyu kingine. Kikinuka tena, nisahau binti yao. Mama mwenyewe akaenda uani, akakata kijiti cha senetwet, akanikabidhi kwa mikono miwili. Chelimo akaninong'oneza ati, tafadhali, nichome hicho tu.

Jumatatu, 10 Machi
Shida ni ulimi wa wazee, haujazoea vitu vya kisasa. Kijiti cha mama nimekitundika ukutani, kinapendeza kweli. Zawadi ya mkwe unachomaje? Hiyo si ni kukosa adabu?

Halafu Mungu si Athumani: upepo umeangusha mwavokado wa Nelima. Tunda lenyewe tamu, laini kama siagi. Mkaa wake utakosaje? Nimeshaanza kukata.