Kompyuta Iliyomwamkia Mzee Margwe

Jumatatu, 6 Juni 1988

Kompyuta imefika. Imeshushwa ikiwa imefungwa blanketi kama mgonjwa. Meneja akatuita makarani wake, mimi na Imakulata, akasema sasa ofisi ya shamba itahitaji karani mmoja tu. Ijumaa anakuja Mzee Margwe, mwenyekiti wa bodi. Kila mmoja amwonyeshe alichojifunza. Atakayemridhisha anabaki na mashine. Mwingine anakwenda kwenye ngano. Kwenye ngano! Mimi, mtu wa tai! Na mama kule Nambis ameshawatangazia wanakwaya wote kwamba mwanawe anaendesha kompyuta. Nani alimwambia? Mimi. Mwezi uliopita.

Imakulata ni wa Gitting. Mpole. Anamsikiliza mwalimu mpaka mwisho. Watu wa namna hiyo ni hatari.

Jumanne, 7 Juni

Somo la kwanza. Mwalimu Sebastiani, aliyeletwa kutoka Arusha, anasema kompyuta haina akili. Inafuata maagizo tu, moja baada ya jingine. Akatutaka tuandike maagizo ya kupika ugali, yeye atayafuata kama mashine. Ya Imakulata yakaenda vizuri. Yangu: weka sufuria jikoni, mimina unga, songa. Mwalimu akasimama anasonga unga mkavu hewani mpaka nikaona aibu. Akauliza maji yako wapi. Nikasema mtu yeyote mwenye akili anajua maji yapo. Akanikumbusha kwamba tunazungumzia kitu kisicho na akili. Imakulata alicheka hadi akafuta machozi. Haya, acheke.

Tangu lini mwanamume wa kwetu akaulizwa habari za ugali?

Jumatano, 8 Juni

Kumbukumbu. Mwalimu anasema unachoandika kinakaa kichwani mwa mashine wakati umeme upo tu. Umeme ukikatika, kimekwenda. Sharti ukihifadhi kwenye diski. Imakulata akahifadhi programu yake: unaandika jina la shamba, mashine inakwambia hali ya ngano yake. Kazi ya kuchosha, haina ladha.

Mimi si mjinga. Diski zinakaa kwenye droo, na droo haina kufuli. Yangu ikiigwa je? Kichwani mwa mashine hakuna awezaye kuiba. Nitaiandika Ijumaa asubuhi, ikae humo humo.

Alhamisi, 9 Juni

Leo marudio. Kumbe mashine ukiipa agizo inaweza kulirudia bila kuchoka! Mwalimu akasisitiza kwamba kila marudio yawe na sharti la kuyamaliza. Nilimsikia nusu, maana wazo lilikuwa limeshaniingia. Mzee Margwe ni mtu wa adabu za zamani. Mwaka jana alimrudisha mhasibu mlangoni kwa kuingia bila kuamkia. Basi, mashine yangu itamwamkia! Shikamoo Mzee. Halafu tena. Sharti la kumaliza? Heshima inamalizwa? Nimeliacha.

Nimekwisha kushinda. Maskini Imakulata.

Ijumaa, 10 Juni

Jamani, nimekufa.

Mzee akaketi mbele ya skrini. Shikamoo Mzee. Akafurahi kweli, akaitikia marahaba. Ikaja nyingine. Marahaba. Nyingine. Mzee wa huku haachi shikamoo bila kuiitikia, na hakuna anayethubutu kuketi kabla salamu hazijaisha. Meneja amesimama. Wageni wamesimama. Chai inapoa. Skrini inajaa, inapanda, inajaa tena. Sauti ya mzee ikaanza kukauka. Mwisho akanigeukia.

"Kijana, iambie nimeitikia."

Sikujua namna ya kuiambia. Nikang'oa waya.

Mwalimu, Mungu ambariki, akanitetea. Akasema kosa ni mstari mmoja tu, niitoe programu yangu tuirekebishe mbele ya mzee. Umeme ukarudishwa. Mle ndani hamna kitu. Giza tupu. Imakulata akaingiza diski yake, akaandika Basotu, mashine ikamwambia mzee ngano ya Basotu imefikia wapi. Mzee akampa mkono. Mimi nikaenda nyuma ya stoo ya vipuri, nikalia.

Jumamosi, 11 Juni

Meneja alitaka kunifukuza kabisa. Imakulata ndiye aliyeniombea nibakizwe, hata kama ni shambani. Kisha akanifuata.

"Kaka Nicodemo, pole. Ukitaka nitakufundisha kila jioni."

Huruma yake imeniuma kuliko kile kicheko. Nikamjibu kwamba jioni nina shughuli. Sina.

Mama nimempelekea habari kwamba nimepandishwa cheo, nasimamia mambo ya angani.

Jumatatu, 13 Juni

Mambo ya angani ni kwelea kwelea. Napiga debe kuwafukuza kwenye ngano. Wanaruka, wanatua hatua chache mbele, wanakula. Baridi ya Hanang inaingia hadi mifupani. Mikono imevimba. Tai nimeifunga shingoni dhidi ya upepo. Wenzangu hapa hawajui kama niliwahi kuwa na meza. Nimekaa chini kwenye majani nikajiuliza maisha yangu yamefikaje huku.

Nikafikiri sana, na kosa nimeliona. Mashine ilimwamkia mzee peke yake! Mzee wa huku huulizwa hali ya mama, watoto, mashamba, na ng'ombe. Lazima aliona amedharauliwa.

Atakuja tena wakati wa mavuno. Safari hii nitamwulizia ng'ombe wote, mmoja mmoja, bila kukoma. Na diski sigusi.