Kofia Ngumu za Safari ya Sur

Jumatatu, 29 Oktoba 1984. Ibra, Omani.

Klabu yetu ya watu tuliotoka Unguja na bara imeamua! Kabla ya Sikukuu ya Taifa tutakwenda kwa baiskeli kutoka Ibra mpaka Sur. Siku mbili, kulala njiani. Wakubwa wa Sur watatupokea hadharani, na kiongozi wa safari ataingia mjini mbele ya wote na bendera. Kiongozi huyo lazima niwe mimi. Nani mwengine? Nimezaliwa Malindi, Unguja. Nimepanda baiskeli kabla sijaota meno. (Nilikuwa nikipakiwa nyuma na mjomba. Lakini hapa Ibra nani anajua?)

Tatizo ni Yaarub. Mtunza bohari wa kampuni ya barabara, mzaliwa wa Kigoma, na Kiswahili chake cha bara kinanikwaruza masikio. Kasimama kikaoni, kasema watu wavae "helmeti" kwa ajili ya "sefti". Sefti! Nikamkatiza. Nikamwambia Kiswahili kina maneno yake, maridhawa: kofia ngumu, na usalama. Wazee wote wa Unguja wakaitikia kwa vichwa. Raha niliyoipata sina la kuifananisha.

Mwenyekiti wetu, Marzouq, kakata shauri papo hapo. Abdullatif, yaani mimi, achague vifaa. Akivileta sawasawa, bendera yake. Akikosea, bendera ya Yaarub. Yaarub kacheka kidogo, nami sikukipenda kicheko chake.

Alhamisi, 1 Novemba

Nimeitengeneza baiskeli yangu mwenyewe kwanza, iwe mfano. Taa mbele, taa nyuma. Vioo viwili. Kengele mbili, moja ya watu na moja ya mbuzi. Kikapu, sanduku la dawa, birika la kahawa, mwavuli, mkeka. Mke wangu Shukriya kauliza mie mwenyewe nitakaa wapi. Hana akili ya safari huyu.

Jioni nikaijaribu wadini, kwenye bonde kavu la mto. Vioo ni vizuri ajabu. Niliona barabara yote ya nyuma, mpaka vumbi langu. Mbele akatokea mbuzi. Kwa haraka nikapiga kengele ya watu. Goti limechubuka, birika limebonyea, mbuzi hana hata alama.

Na nani kanikuta chini? Yaarub, bila shaka. Kanipa pole, kaniinua, kisha kauliza kama nimenunua pampu na viraka. Nikamjibu kwamba mpandaji hodari hapati pancha. Kalitazama goti langu. Nafikiri limemwingia.

Jumapili, 4 Novemba

Sasa kofia ngumu. Binamu yangu Turki anauza vifaa vya pikipiki na baiskeli Nizwa. Nikapiga simu nyumbani kwao. Turki hakuwapo, akaipokea mama yake, shangazi yangu Bimdogo. Shikamoo, marahaba, habari za Shukriya, habari za goti. (Keshasikia! Mpaka Nizwa!) Nikamwambia nahitaji kofia ngumu za klabu nzima, upesi.

Kauliza ngumu kiasi gani. Suali la mjuzi. Nikamwambia ngumu hata mtu akiikalia isibonyee. Nikaongeza ziwe na matundu madogo ya kupitishia hewa, maana vichwa vitatoka jasho. Kasema matundu lazima, kofia bila matundu ni kofia gani. Kisha kataka vipimo vya vichwa! Kila mtu na chake! Sikujua kwamba biashara ya Turki imeendelea hivyo. Kasema ninazozitaka anazo, zinangoja kutayarishwa na kuanikwa juani tu. Rangi, bila shaka.

Raha iliyoje kusema na mtu wa kwetu! Si helmeti, si sefti. Neno moja tu la Kiswahili fasaha, na kila kitu kikaeleweka. Alitaka kukata simu mapema, ana sindano yake inamngoja.

Jumatano, 7 Novemba

Nimempeleleza Yaarub. Nimepita nyuma ya ukuta wao na kuchungulia. Baiskeli yake ni aibu. Haina kioo hata kimoja! Amefunga chupa za maji, pampu, viraka, mpira wa akiba. Basi. Na juu ya kiti imewekwa kofia ya plastiki ya manjano, ya vibarua wa barabara.

Nikaenda mbio kwa Marzouq na shauri langu. Nikataka itangazwe kwamba asiye na kofia ngumu hapandi, awe nani awe nani. Hivyo wote watazihitaji za kwangu, na Yaarub atakuja kwangu ameinama. Marzouq kakubali, kalitangaza baada ya Alasiri. Yaarub kasema kama za Nizwa zitachelewa, yeye anaweza kuazima za kampuni yao. Nikasimama mbele ya watu wote nikaapa kwamba kofia ya kibarua haitakanyaga kichwa changu maisha. Nilisema vizuri sana, hata mwenyewe nilijisikia.

Jumatano, 14 Novemba

Sanduku limefika na gari la Nizwa. Nikalifungua mbele ya klabu nzima, baada ya hotuba fupi. (Marzouq aliniomba mara mbili niimalize.) Nikaingiza mkono. Nikainua ya kwanza juu, watu wote waione.

Ilikuwa kofia.

Kofia ya viua! Nyeupe, ya kushonwa kwa mkono tundu kwa tundu, ya kuendea sala ya Idi. Imetiwa wanga ikakauka ikawa kama ubao. Nikatoa ya pili. Ya tatu. Zote! Marzouq kaigonga moja kwa ukucha, ikalia ko ko. Kasema kwa haki ya Mungu, ngumu ni ngumu. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Uso ulinishuka, sikujua niutie wapi.

Nikampigia shangazi kwa hasira. Hasira yake ikawa kubwa kuliko yangu. Kaniuliza ni lipi nililotaka asilolifanya. Si nimetaka ngumu? Si nimetaka matundu? Kuhusu kutobonyea, kaikalia moja mwenyewe kuijaribu, na yeye si mwepesi. Kamaliza akiba yake ya kofia za mwaka mzima kwa ajili yangu. Nikamwambia nilitaka za baiskeli. Kashangaa. Kasema kama nilitaka helmeti, kwa nini nisiseme helmeti? Angempa simu Turki, anazo zimejaa mpaka mlangoni.

Niliporudi, Yaarub keshaleta gunia. Helmeti za manjano, moja kwa kila mtu, isipokuwa mimi. Hakunisahau. Kasema kwa adabu kabisa kwamba anaheshimu kiapo changu. Na asiye na kofia ngumu hapandi, awe nani awe nani. Marzouq kanikumbusha kwa sauti kwamba hayo ni maneno yangu.

Bendera kapewa Yaarub.

Ijumaa, 16 Novemba. Sur.

Jana na leo nimesafiri ndani ya pikapu, nyuma, katikati ya mapipa ya maji. Baiskeli yangu ubavuni, mwavuli nimeufungua. Kabla ya mji wa Al Qabil watu walipata pancha, Yaarub akaziba. Baada ya Al Qabil wakapata tena, akaziba tena. Walimshangilia. Niseme kweli, niliumia. Barabara yote ile nimeiona kwa nyuma, safari hii bila hata vioo.

Tulipokaribia Sur nikavaa kanzu safi na kofia moja ya shangazi. Si kwa sababu yoyote. Kichwa wazi mbele ya watu si adabu.

Sasa sikiliza! Wenyeji wamejipanga. Wapandaji wanaingia, vumbi mpaka kwenye nyusi, helmeti za manjano, kama watu waliokuja kuchimba mtaro. Mimi nashuka pikapuni, mweupe, kofia imesimama wima. Mkubwa wa mapokezi kawapita wote, kaja moja kwa moja kwangu! Kanipa mkono kwa mikono miwili. Kanipongeza kwa Kiarabu, safari ndefu, mashaallah, na wala sionekani kuchoka. Nikamjibu alhamdulillahi. Ningesema nini?

Yaarub akaniomba nimshikie bendera afute jasho machoni. Nikaishika. Mpiga picha akapiga.

Mchana tulikula kwa Obaid, mfanyabiashara wa samaki, mtu mwema, aliyekuwa akija Unguja na kurudi enzi zile. Kaniambia nikihitaji chochote kutoka Sur nipige simu. Yaarub akaenda kula upande wa pili. Wivu, nadhani.

Jumanne, 20 Novemba. Ibra.

Picha imetundikwa klabuni. Mimi, bendera, kofia. Nyuma yangu kuna mtu anajifuta uso, hatambulikani. Shukriya kaitazama sana, kaniuliza kama sina haya. Nikamwambia kwamba shangazi alikuwa sahihi tangu mwanzo, na mie pia. Kofia ngumu ndiyo iliyoniokoa.

Sasa klabu inataka kupanda milima ya Nizwa. Yaarub kasimama, kasema tutahitaji "ropu". Ropu! Niliruka kitini. Nikamwambia Kiswahili kina neno lake, zuri, fupi: kamba. Marzouq kafumba macho kwa muda, kisha kasema haya Abdullatif, mara ya mwisho. Ukikosea, na klabu utoke.

Sirudii makosa. Nizwa sipigi simu tena, nikaangukia kwa shangazi. Kamba zinapatikana penye vyombo vya bahari. Nikampigia Obaid, Sur. Nikamwambia nataka kamba, nyingi, za kutosha watu wote wa klabu, na zifike kabla ya Ijumaa. Kaelewa mara moja! Kauliza kilo ngapi. Hilo nalijua, kamba huuzwa kwa kilo. Nikataja nyingi.

Kisha kauliza kama nataka kamba wakubwa au wadogo. Wakubwa! Masikini, kukaa Sur kumemharibia ngeli zote. Nikamsahihisha kwa upole kwamba husemwa kamba kubwa. Kasema haya, kisha kauliza kama atie barafu. Sikutaka aone kuna kitu nisichokijua. Nikamwambia atie nyingi. Huko milimani kuna baridi, kamba lazima ziizoee mapema.