Lita Saba za Bi Mwanakhamis

TANGAZO KWA UMMA. Idara ya Makadirio ina furaha isiyo kifani kuwajuza wagonjwa wote wanaosafishwa damu kwamba, kuanzia leo, hakuna mtu kisiwani atakayekuwa na damu ya kubahatisha. Kila mwananchi atakuwa na kiasi chake rasmi, kilichokadiriwa, kikapitishwa na kupigwa muhuri. Atakayekutwa na damu pungufu au ya ziada atapewa siku kumi na nne za kujirekebisha.

Tangazo lilibandikwa mlangoni mwa chumba cha mashine, juu ya tangazo jingine lililokataza paka kuingia wodini. Kwa kuwa gundi ilikuwa bado haijaidhinishwa, lilishikizwa kwa plasta za vidonda. Paka mmoja alikuwa amelala chini yake.

Bwana Fuad, Mkadiriaji Mkuu, alirudi nyuma hatua tatu, akalitazama, akaridhika. Ofisi yake ilikuwa Kizingo, yenye zulia na mti wa kivuli kwa ajili ya gari, na chumba hiki cha mashine hakuwahi kukitia mguu maishani. Hilo halikumpunguzia kitu. Mtu hahitaji kuzama baharini ndipo akadirie chumvi.

Leo amekuja kwa jambo moja tu. Saa nne asubuhi Daktari Saadia angewasili kutoka makao makuu Nairobi, alione Jedwali la Makadirio ya Damu likitumika kwa mgonjwa wa kweli. Likipita, lingetumika nchi nzima. Mgonjwa aliyeteuliwa ni Bi Mwanakhamis wa Mji wa Kale, kwa sababu za kitaalamu: kiti chake ndicho kilichokuwa karibu na mlango.

Bi Mwanakhamis, mpishi wa maharusi kwa miaka arobaini, alikuwa tayari ameshachomwa sindano na kuunganishwa na mashine. Alivaa buibui, ndani ya buibui sweta, ndani ya sweta kanga mbili. Damu ikizungushwa nje ya mwili humrudia mtu na baridi yake, na kipoza hewa cha chumba kile hakikujua huruma. Bwana Fuad alimkagua kutoka mlangoni, kama kanuni inavyoagiza. Akafumba jicho moja, akaandika: MNENE.

"Sista," akamwambia muuguzi Jacinta, "huyu ana damu lita saba. Jedwali linasema ongeza robo kwa wageni wa ghafla. Robo ya saba ni lita moja na robo tatu. Hizo ndizo utakazomtoa."

"Wageni gani, bwana?"

"Wageni wa ghafla ni istilahi. Maana yake maji ya ziada."

Jacinta aliweka kalamu chini, akamweleza polepole, kama mtu anayemfunza mwenziwe kuvuka barabara ya Makupa. Hawa figo zao hazifanyi kazi. Wanachokunywa hakitoki, kinabaki mwilini mpaka mashine ikitoe. Damu ya mtu hukadiriwa kwa urefu na uzito wake, si kwa buibui lake, na ya Bi Mwanakhamis haifiki hata lita nne. "Uzito wake mkavu, yaani akiwa hana maji ya kuzidi, ni kilo arobaini na nane. Leo ana arobaini na nane na nusu. Basi natoa nusu lita. Nikitoa zaidi, damu itapungua mishipani, presha itaanguka, na miguu itamkaza mpaka alie."

"Na Jumamosi n'na harusi," Bi Mwanakhamis akadakia. "Mjukuu wangu Maisara aolewa. Watu mia sita, na sufuria nazisimamia mimi. Mara ya mwisho nilipotolewa maji kupita kiasi nililala siku mbili nikihesabu boriti za dari. Sasa mwanangu, ukinilaza Jumamosi, watu mia sita watakula nini? Muhuri?"

"Bi, Idara haiwezi kukadiria nchi nzima kwa kutazama harusi moja."

"Haya. Lakini nisikuone foleni ya sahani."

Kiti cha pili, Ustadh Zakariya, mwalimu wa madrasa aliyekonda kama msuwaki, alijikohoza. "Bwana mkubwa, nami nina ngapi?"

Bwana Fuad alifurahi kuulizwa. Akafunua karatasi. "Wembamba, lita tano. Lakini Jedwali linasema maustadhi wahesabiwe mara mbili. Kwa hivyo wewe una kumi."

"Kumi! Subhanallah. Ndiyo maana nikipanda ngazi nachoka. Nabeba watu wawili."

"Na wageni wako wa ghafla ni lita mbili na nusu."

Jacinta alitazama faili, akaitazama tena. Ustadh jana alikuwa maulidini, na asubuhi hii mizani ilisema amezidi kilo mbili na nusu kamili.

"Vipi?" akauliza Bwana Fuad.

"Umepatia," akasema Jacinta, shingo upande.

"Ni sharubati," Ustadh akajitetea. "Glasi nne tu. Mgeni akikataa, mwenye nyumba atajisikiaje?"

"Glasi nne, Ustadh?"

"Nne nyumba ya kwanza."

Sayansi ikiwa imethibitika namna hiyo mbele ya mashahidi, Bwana Fuad alipandwa na moyo. Hapo ndipo Daktari Saadia alipoingia, mwanamke mfupi mwenye miwani na kalamu moja tu, jambo ambalo Bwana Fuad aliliona si dalili ya cheo. Akamruka paka, akaamkia wagonjwa mmoja mmoja, akavuta kigoda akaketi.

"Endeleeni," akasema. "Nimekuja kutazama."

"Sista, weka lita moja na robo tatu."

"Siweki."

"Ni amri!"

"Basi iweke mwenyewe. Kitufe ni hicho cha kijani."

Bwana Fuad alikitazama kitufe. Kilikuwa kimoja kati ya vitufe vingi, na chenyewe, kusema kweli, kilikuwa cha buluu. Akaurudisha mkono mfukoni.

"Hebu ngoja," akasema Bi Mwanakhamis. "Mtu atolewa maji ya mwili wake, hata kusomewa asisomewe? Nisomee hilo jedwali lote, mwanzo hadi mwisho. Miwani yangu iko nyumbani."

"Ni haki yake," akasema Daktari Saadia.

Bwana Fuad alisimama wima akasoma kwa sauti ya redio. Wanene, saba. Wa kiasi, sita. Wembamba, tano. Watoto, nusu. Maustadhi, mara mbili. Wageni wa ghafla, robo. Kadiri alivyosoma ndivyo Bi Mwanakhamis alivyozidi kuinamisha kichwa, kama anayesikiliza sauti ya mtu anayemfahamu chumba cha pili.

"Tanbihi ya sita," akaendelea. "Chombo kisijazwe kupita robo tatu. Tanbihi ya saba: mvua ikinyesha, ongeza kuni."

Mashine zilinguruma. Ustadh alifungua jicho.

"Kuni?" akauliza Daktari Saadia.

"Kuni," akasema Bwana Fuad, na jasho likamtoka katika baridi ile ile iliyomvisha Bi Mwanakhamis sweta, "ni... istilahi."

"Usisome ya nane," akasema Bi Mwanakhamis. "Nitaisoma mimi." Akafumba macho. "Ya nane: ukoko wapewe majirani."

Daktari Saadia alinyoosha mkono, akaichukua karatasi, akashuka kwa kidole hadi chini. Ukoko ulikuwepo. Majirani pia.

"Lo! Hesabu hini ni yangu!" Bi Mwanakhamis akapaza sauti. "Ya mchele! Kila watu hamsini, wanene kilo saba, wa kiasi sita, wembamba tano. Niliiandikisha mwaka jana nikampa mke wako, harusi ya binti yenu Najla. Wewe hukufika jikoni hata kunusa!"

"Bwana Fuad?" akasema Daktari Saadia.

Mkadiriaji Mkuu alitafuta pa kukaa, akakaa ukingoni mwa kiti cha Ustadh. "Tuliagizwa Ijumaa," akasema, na sauti ya redio ilikuwa imezimwa. "Jedwali lilitakiwa Jumatatu. Nikafungua droo ya mke wangu, nikaikuta. Ilikuwa imepangwa vizuri, ina tanbihi. Pale penye 'watu hamsini' nikaandika 'kila mgonjwa'. Penye 'kilo' nikaandika 'lita'. Nikaona... kadirio ni kadirio."

"Basi mimi sina kumi," akasema Ustadh kwa huzuni.

"Huna, Ustadh."

Daktari Saadia alimgeukia Bi Mwanakhamis. "Kwa utaratibu, mwenye jedwali ana haki ya kulisahihisha. Unasemaje?"

"Nasema hivi. Hata mchele siukadirii kwa kutazama watu nikiwa mlangoni. Huuliza nani yuwaja, nani amekula kwao, ndipo nikapima. Sista amenipima. Nusu lita, na hiyo karatasi irudi jikoni."

Jacinta akabonyeza kitufe cha buluu.

Saa nne baadaye, presha ya Bi Mwanakhamis ilikuwa pale pale ilipoanzia. Sindano zikachomolewa, akabonyeza pamba mpaka damu ikakauka, akasimama. Akapiga hatua moja, ya pili, akajaribu kuchuchumaa kama mtu anayechungulia moto chini ya sufuria, akainuka bila kushika kitu. "Jumamosi," akawaambia wote, akaenda kutafuta tuktuk.

Bwana Fuad alibaki na Daktari Saadia, aliyekuwa akimalizia ripoti kwa kalamu yake moja.

"Kuna jambo halijakaa sawa," akasema Daktari. "Jedwali lilipatikana drooni, siku ya kwanza. Lakini hapa pameandikwa kwamba baada ya hapo kamati yako ilikaa vikao kumi na kimoja vya kulipitisha. Vyote hivyo mlikuwa mkifanya nini?"

Bwana Fuad aliitazama sakafu. Hapakuwa na istilahi pale chini.

"Tulikuwa tukikadiria chakula cha kikao kinachofuata, Daktari," akasema. "Na wallahi, hicho hatukukosea hata mara moja."