Andazi la Bi Zainabu Darasani

Kosa langu la kwanza leo ni kutaja majina ya watu wazima darasani. Mengine yote yalijileta yenyewe.

Mnajua Kiingereza nimejifundisha mwenyewe, kwa redio na daftari. Leo nilikuwa na somo la majaribio kwenye kituo cha tuisheni hapa Kinyerezi. Nikifaulu, naajiriwa. Madamu mwenye kituo kakaa nyuma na kalamu nyekundu. Wanafunzi ni mafundi, wasusi na dereva bodaboda. Somo ni kulinganisha: big, bigger, biggest. Nililifanyia mazoezi siku tatu mbele ya kioo. (Kioo kilielewa.)

Mifano ya kitabuni nikaiona imepooza. Basi nikanunua andazi moja kwa Bi Zainabu na moja kwa Mama Salma, wanaouza wakitazamana nje ya dirisha letu. Dirisha halina kioo. (Nililiona. Nikasema litaleta hewa.)

Nikayainua juu. "Semeni kwa Kiingereza: andazi la Mama Salma ni kubwa kuliko la Bi Zainabu!"

Wakasema.

"Sijasikia! Tena!"

Wakapaza sauti. Nje, Mama Salma akapiga kigelegele. Mara Bi Zainabu huyo mlangoni, mwiko unachuruzika mafuta.

"Shikamoo, Bi Zainabu."

"Shikamoo yako iweke hapo mezani. Nimesikia jina langu mara mbili. Mmenisemaje?"

"Ni mfano tu, mama. Wa ukubwa."

"Kwani ukubwa ndio nini? Mbona wewe mrefu hivyo na hujaoa?"

Darasa hoi! Madamu anaandika tu. Nikatapatapa: "Jamani, mlinganisheni Bi Zainabu na Mama Salma. Semeni jambo zuri!"

Fundi rangi mmoja, ambaye hakuwa amefungua mdomo tangu tuanze, akasimama. Kwa Kiingereza safi, bila kosa hata moja, akatamka kwamba Bi Zainabu ni mzee kuliko Mama Salma. Wenzake wakarudia kwa pamoja. Nami nikapiga makofi! (Mazoea.)

"Wamesemaje?" akauliza Bi Zainabu.

Madamu akainuka haraka. "Wamesema andazi lako ndilo tamu zaidi, mama." Kisha akaninong'oneza: "Huyo ni mama mkwe wangu."

Kazi nimepata. Madamu anasema mwalimu aliyemfanya yule fundi aongee hawezi kumwacha. Ila tangu saa nne ya leo, mie nalinganisha mawe tu.